Tatu mara mbili: kisa cha faini iliyotangulia siku

Ijumaa ile sijafika hata kwenye geti la ofisi yetu ya programu, Area C hapa Dodoma, simu ilikuwa imeshaita mara nne. Zote zilitoka kwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo ambacho sisi ndio tunatunza mfumo wake. Nilipompigia alikata salamu katikati. "Kaka, wanachama wangu wamepigwa faini na siku haijaisha."

Akanisomea malalamiko ya mama lishe mmoja wa Majengo. Saa 3 usiku, akiwa bado anaosha masufuria, simu yake ilileta meseji kwamba rejesho lake limechelewa na ametozwa Sh 2,000. Hela ya rejesho alikuwa nayo mkobani, anasubiri wakala wa jirani amalize foleni amwekee kwenye simu. Alilipa saa 4 kasorobo, tarehe ileile. Swali lake lilikuwa moja na sikuwa na jibu: kama siku haijaisha, nimechelewa nini?

Mfumo wenyewe tuliuandika sisi. Kila usiku saa 5:59, dakika moja kabla ya tarehe kubadilika, kuna kazi inayopita kwenye mikopo yote, inatafuta marejesho ya siku hiyo ambayo hayajaingia, inaweka faini na kutuma meseji. Alhamisi ile, mwisho wa mwezi ambapo marejesho ni mengi, kazi ilikimbia saa 2:59 usiku. Haikuanguka wala haikulalamika. Kwenye kumbukumbu za seva iliandika kwamba imeanza, imemaliza, wanachama 37 wametozwa. Ingekuwa imekwama tungeamshwa na simu usiku uleule, lakini kazi iliyofanyika vizuri kwa wakati usio wake haimwamshi mtu.

Saa tatu hizo si ndogo kwa watu wa chama kile. Wengi ni bodaboda, mama lishe, wauza mboga, na watumishi wachache. Bodaboda anaanza kwa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu ya siku, halafu anajaza mafuta ya kesho, halafu ndiyo anahesabu kilichobaki. Rejesho lake linaingia saa 4, saa 5 usiku. Tulikuwa tunalijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana ikachaguliwa 5:59.

Wiki ile tulikuwa tunahamisha mfumo. Ulikuwa unaishi kwenye kompyuta iliyo chini ya meza yangu, yenye saa za Afrika Mashariki, na ulikuwa unaenda kwenye seva ya kukodi iliyoko nje ya nchi, yenye saa za UTC, yaani saa za kimataifa ambazo kila nchi hupimia za kwake. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, na hatuna mambo ya kusogeza saa majira ya joto na baridi kama Ulaya, kwa hiyo hesabu ni rahisi: toa tatu. Programu inayoamsha kazi za usiku inaitwa cron. Inasoma jedwali ambalo kila mstari una nafasi tano, yaani dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki, kisha amri ya kutekelezwa. Mstari wetu wa faini ulianza na 59 23, yaani 23:59, ndiyo saa 5:59 usiku. Kwenye seva mpya ulitakiwa uanze na 59 20. Ijumaa asubuhi nilipoufungua niliukuta 59 17.

Nikiri kwamba dakika kumi za kwanza nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na kichwani nilikuwa nimeshampata: dada wa ripoti, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye kadi ya kazi hiyo, ile inayoeleza cha kufanya na anayekifanya. Nilimwita. Akasema, "Bosi, mimi nimetoa tatu kama kadi ilivyosema." Na kweli alitoa tatu. Ishirini ukitoa tatu ni kumi na saba.

Ndipo tukaamua kuijenga upya Alhamisi nzima, wote watano mezani: mimi, kijana wa malipo, dada wa ripoti, dada wa majaribio, na mwanafunzi aliyekuwa kwetu fildi kutoka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kila mtu alileta alichonacho: orodha ya simu zilizoingia, meseji za kundi la ofisi, historia ya Git (programu inayotunza kila badiliko la msimbo), kumbukumbu za seva. Ilituchukua muda kwa sababu saa zenyewe zilikuwa lugha tatu. Seva ilisema 11:20. Simu ya dada wa ripoti, kwa tukio hilohilo, ilisema 2:20 PM. Yeye mwenyewe akisimulia alisema saa 8 na dakika 20. Mwanafunzi akachora safu tatu kwenye ubao mweupe na kuanza kuzipatanisha, na hadi leo naona hiyo ndiyo kazi bora aliyotufanyia.

Picha iliyotoka ilikuwa hivi. Saa 3:15 asubuhi tulikuwa na kikao cha kusimama. Kikao cha namna hii tumekiiga kutoka Scrum, utaratibu wa kuendesha kazi za programu, ambao Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliutangaza mwaka 1995, na humo kimewekewa dakika 15. Chetu kilichukua 40. Katikati yake mteja mwingine alipiga, mkuu wa shule anayetaka ripoti ya ada, nami nikaweka spika ili wote wasikie, halafu tukaanza kujadili ripoti ya ada.

Saa 4 kasoro dakika 5 kijana wa malipo aliingia seva mpya, akafungua jedwali la cron, akabadilisha 23 kuwa 20, akahifadhi. Sahihi kabisa. Alikuwa anataka kwenda kwenye kadi aandike amefanya nini, nami nikamgusa bega. Kulikuwa na ofisi moja Mtumba iliyokubali tuje kuonyesha mfumo saa 5, na mtu wa kueleza upande wa malipo ni yeye. Mtumba ni kilomita kama 17 kutoka mjini, na ukishaingia mji wa serikali kuna geti, kuna kitambulisho, kuna kusubiri mapokezi. Tukaondoka bila hata chai. Kadi yake ilibaki kwenye safu ya "inafanyika", haina neno.

Saa 8 kasorobo mchana, bado tuko Mtumba, simu yangu ikaleta meseji ya dada wa ripoti: "Hii ya faini niimalizie? Ameishia wapi?" Kijana wa malipo alikuwa mbele ya watu, simu ameizima. Nikajibu mimi, kwa kidole gumba, chini ya meza: "Nadhani hajaanza. Malizia tu." Meseji hiyo bado ninayo. Siku ile ya Ijumaa ilipotokea kwenye ubao mweupe, chumba kilinyamaza kidogo, kisha dada wa majaribio akasema, "Haya, tuendelee na saa 8."

Saa 8:20 dada wa ripoti alifungua jedwali. Kadi ilisema: "Faini ikimbie saa 5:59 usiku. Seva mpya iko UTC, toa saa 3." Alikuta 20. Kama alikuwa ameambiwa kazi haijaanza, basi 20 ilikuwa ndiyo namba ya zamani. Ungetegemea ashangae kwamba 20:59 kwa saa zetu ni saa 2:59 usiku, si 5:59. Nilimuuliza hilo, si kwa kumbana. Akaniambia kwamba akiwa anaangalia namba ile umeme ulikatika, ruta ikazima, akaunganisha intaneti kwa simu yake, na aliporudi kwenye skrini alikuwa na jambo moja tu kichwani: toa tatu. Wakati huohuo mhasibu wa chama kingine alikuwa kwenye laini ya pili.

Hata hapo kosa lilipaswa kukamatwa, kwa sababu kwetu hakuna kinachokwenda laivu bila jicho la pili. Dada wa majaribio aliletewa saa 9 kasorobo. Alishika kadi mkono mmoja na skrini mbele yake. Kadi: 5:59 usiku. Skrini: 17:59. Akaitikia, ikapita.

Ijumaa tulikaa mbele ya hilo jibu kama robo saa bila kulielewa. Huyu ndiye mtu makini kuliko wote ofisini, mtu anayekurudishia fomu kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi kati ya maneno. Mwanafunzi wa fildi ndiye aliyeona. Alikuwa bado ameshika kalamu ya ubao. "Bro," akaniambia, "tatu mara mbili si sita? Na saa yetu na ya Wazungu si zinapishana sita?"

Tukatazama. Saa 5:59 usiku yetu ni 23:59. Ukitoa tatu mara moja unapata 20:59, jibu sahihi, ambalo kwa macho halifanani na chochote kilichoandikwa kwenye kadi. Ukitoa tatu mara mbili unapata 17:59, jibu la makosa, ambalo kwenye simu ya mtu yeyote linasomeka 5:59. Aliyekosea akazalisha namba ileile tunayoitamka kwa Kiswahili. Dada wa majaribio alitafuta 5:59, akaiona 5:59. Kama kijana wa malipo angemletea yeye 20:59 iliyo sahihi, nina hakika angeirudisha na kuuliza. Kwa nchi iliyo saa mbili au nne mbele ya UTC mtego huu haupo. Upo kwetu tunaoanza kuhesabu saa jua likichomoza na tuko mbele kwa saa tatu kamili.

Sasa faini zenyewe. Kati ya wale 37, watu 26 walilipa kabla ya saa 6 usiku. Hao walitozwa kwa dhuluma, Sh 52,000 jumla. Waliobaki 11 hawakulipa siku ile kabisa. Meneja wa chama alitaka tuwarudishie 26 tu, kwa kuwa 11 wangetozwa vilevile saa 5:59. Kwa hesabu tupu alikuwa na haki. Mhasibu wake alimpinga, na mimi nikasimama upande wa mhasibu. Mtu aliyepata meseji ya faini saa 3 usiku akiwa na nusu ya hela mfukoni ana sababu gani ya kuhangaika kutafuta nusu nyingine? Ameshapigwa. Atalala, atalipa kesho. Mwanachama mmoja alimwambia mhasibu maneno karibu na hayo. Hatuwezi kujua ni wangapi kati ya 11 wangelipa saa 5 kama tusingewakatisha tamaa saa 3. Wakarudishiwa wote, Sh 74,000.

Hatukufuta kitu. Kijana wa malipo alipendekeza kufuta mistari ya faini kwenye hifadhidata, ni amri moja tu, lakini mhasibu alishtuka kama ameambiwa achane risiti. Vyama vya ushirika vinakaguliwa, na mkaguzi wa COASCO, shirika linalovikagua, akikuta meseji ya faini kwenye simu ya mwanachama ambayo haina mwenzake vitabuni ataanza kuuliza mengine. Kila faini ikaandikiwa mstari wa kuirejesha, wenye tarehe na sababu, na kila mwanachama akatumiwa meseji. Maneno ya meseji yalitushinda sisi, aliyaandika mhasibu, mistari miwili, yameanza na "Ndugu mwanachama, samahani."

Kilichofuata ndicho tulichobishania zaidi, kwa wiki kama mbili, nacho kinahusu siku zetu zinavyokwenda. Watu wakisikia ofisi ya programu wanafikiri vijana wanagonga vibonye kutwa nzima. Alhamisi ile, kwa watu watano, kwenye kazi hii, kilichoandikwa ni tarakimu mbili zikabadilishwa mara mbili. Saa zilizobaki zilikwenda kwenye kusoma, kuuliza, kusubiri, kupokea simu, kusafiri na kukumbuka ulikuwa wapi. Hiyo ya mwisho ndiyo ghali. Mtu akikatwa katikati ya kazi anarudi akiwa na kipande tu cha alichokuwa akikifikiria, na kipande hicho anakiamini kama kizima.

Pendekezo la kwanza lilikuwa langu na lilikuwa baya: simu zote zizimwe hadi saa 6 mchana. Tulijaribu siku nne. Mteja wa hapa hapigi kwa sababu amekosa njia nyingine ya kutufikia. Anapiga kwa kuwa kupiga ndiko kufanya kazi, na asipopokelewa anaona amedharauliwa. Siku ya nne mkuu wa shule alikuja mwenyewe na bodaboda, akakaa kwenye kiti cha wageni, tukamhudumia saa nzima.

Nilikuwa na sababu ya kupenda ukimya. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania ilisuasua kwa siku kadhaa. Jumatatu iliyofuata nilikuja ofisini nikijua siku imekufa. Kumbe Git, tangu Linus Torvalds aiandike mwaka 2005, imeundwa ili kila mashine ibebe historia yote ya kazi, kwa hiyo unaweza kuandika, kulinganisha na kuhifadhi bila mtandao. Kundi la ofisi lilikuwa kimya. Siku ile tulimaliza kadi nyingi kuliko wiki nzima iliyotangulia. Nikabaki na wazo kwamba dawa ni kukata waya. Dawa ya namna hiyo lakini unaipata pale wateja nao wamekatika.

Tulichoishia nacho ni zamu ya simu. Kila siku mtu mmoja anakaa meza ya mlangoni na simu za wote. Anajibu, anaandika, anaahidi saa ya kupigiwa. Siku hiyo hategemewi kuandika msimbo wowote, na kwenye kikao cha asubuhi hapewi kadi. Nami nimo kwenye zamu. Ukweli ni kwamba hakuna anayeitaka Jumatatu, na bado tunaipanga kwa kura.

Jambo la pili lilitoka kwa mlinzi wetu wa usiku. Kila asubuhi namkuta anamkabidhi mwenzake wa mchana daftari, akiwa ameandika alichokuta, kilichotokea, anachoacha. Hata kama hakuna kitu anaandika hakuna kitu. Dada wa ripoti ndiye aliyesema, "Mzee wa getini anatushinda." Sasa kadi yoyote inayoachwa, hata kwa kwenda kunywa chai, inaandikwa maneno matatu: nimekuta, nimefanya, naacha. Kijana wa malipo angeandika "nimekuta 23, nimeweka 20, naacha haijapitiwa," na mimi kule Mtumba nisingekuwa na nafasi ya kudhani.

La tatu ni la kifundi na tulipaswa kuwa nalo zamani. Jedwali la cron lilikuwa seva tu, likihaririwa palepale, bila kupita Git. Ndiyo maana badiliko la asubuhi halikuacha alama. Limeingizwa Git sasa, na juu ya kila mstari kuna maelezo ya saa kwa namna zote: 23:59 Afrika Mashariki, 20:59 UTC, saa 5:59 usiku. Kulikuwa na hoja ya kuipa seva yote saa zetu ili tusitoe wala kujumlisha. Baadhi ya matoleo ya cron hata yanaruhusu kutaja majira ndani ya jedwali. Kijana wa malipo alikataa, anataka kumbukumbu za seva zote zisomeke kwa saa moja, nami sikumbishia sana. (Tukiwa tunapekua tuligundua kwamba kwenye orodha ya majira ambayo kompyuta zinatumia, sisi tunaandikwa Africa/Dar_es_Salaam. Makao makuu yalitangazwa kuhamia hapa mwaka 1973, serikali imekuja, lakini kwenye orodha hiyo Dodoma haipo. Mwanafunzi wa fildi aliumia kuliko wote.)

Kitu kimoja hakimo mikononi mwetu. Tulipokuwa tunajibu malalamiko, mhasibu alitafuta kwenye masharti ya chama mahali panaposema siku ya rejesho inaisha saa ngapi, hakupaona. Pameandikwa "tarehe ya rejesho" tu. Saa 5:59 ilitoka kwetu, kwenye kikao cha asubuhi miaka mitatu iliyopita, na hakuna mwanachama aliyewahi kuulizwa. Meneja amekubali iandikwe, lakini masharti hayabadilishwi na meneja. Yanasubiri mkutano mkuu. Mama lishe wa Majengo ameshasema atakuwepo, na kwamba yeye atapendekeza saa 12 asubuhi.